Mahakimu wa Ipogolo

Pale Ipogolo, ambapo barabara ya kupandia Iringa mjini huachana na ile kuu iendayo Mbeya, wapo mahakimu wa muziki ambao hawakuteuliwa na serikali yoyote, nao, wakingoja basi, hukata hukumu kwamba wimbo wa "Malaika" asili yake ni Boney M., na kwamba sauti ya marehemu Fadhili William, iliyorekodiwa Nairobi miaka ya 1960, ni mwigo wa kimaskini. Hoja yao, tukiipa heshima isiyoistahili, ni kuwa kilichotoka Ujerumani mwaka 1981 hakiwezi kuwa nakala ya kilichotoka kwetu.

Sibishani nao, kwani Boney M. walitenda ihsani kubwa: kijana aliyelia kwa kukosa mahari, ambaye Fadhili alimwacha na gitaa na huzuni yake, wao walimvika nguo za kumetameta na kumpa mdundo wa dansi, hata msikilizaji akashuku kwamba huyu si fukara, bali amekwisha kuoa na sasa yuko fungate. Miriam Makeba, alipouimba na Harry Belafonte katika sahani ya mwaka 1965, matamshi yalimteleza, lakini majonzi aliyaacha mahali pake, na kwa hilo namsamehe.

Ama kuhusu mtunzi, wako wamtajao Adam Salim, Mtanzania mwenzetu, na daawa hiyo ingali inabishaniwa. Mahakimu wetu hata jina lake hawajalisikia. Basi, msomaji, ukishuka Ipogolo, omba upigwe kwanza ule wa Fadhili. Wakikucheka, panda basi lako uende Mbeya.