Heko kwa Aliyeificha Pampu

Tuwape heko waliounda yoti za faibaglasi Ulaya na Marekani miaka ya 1970. Walitengeneza ganda peke yake, wakashindilia ndani injini ya dizeli, matangi na mabomba, kisha wakafunika kwa sitaha kama sufuria ya pilau. Kwamba siku moja tangi litavuja na kutaka kutoka, hilo waliwaachia wajukuu wenye misumeno.

Lakini ustadi wao wa kweli uko kwenye pampu ya maji ya bahari. Ndiyo inayopooza injini, na kazi yote inafanywa na kigurudumu cha mpira chenye mapezi, kinachoenea kiganjani na kinachotakiwa kubadilishwa mara kwa mara. Kifuniko chake hushikwa na skrubu ndogo ndogo, na katika injini kadhaa kinatazama nyuma, ukutani. Basi fundi hulala kifudifudi, miguu sebuleni, kichwa chini ya ngazi, akifungua kwa kupapasa huku simu ikimpigia picha asichoweza kukiona. Skrubu moja lazima imponyoke iangukie ngamani. Sumaku nayo haisaidii. Skrubu zenyewe mara nyingi ni za shaba.

Hapo mwenye chombo humwita fundi mzembe. Mchoraji aliyedhani binadamu ana viwiko vitatu hatajwi kabisa; yeye anasifiwa kwa umbo zuri la ganda.

Ukitaka kununua yoti ya umri huo, usipoteze muda kukagua matanga. Mwambie muuzaji aiguse pampu, wewe ukiangalia.