Mtume Paulo Kigali: Sababu Tisa za Kumpenda, Tukihesabu Kutoka Tisa Hadi Moja

Kigali haina upungufu wa watakatifu. Mikaeli ana kanisa kuu, Karoli Lwanga ana parokia Nyamirambo, Andrea ana shule kulekule Nyamirambo. Mtume Paulo naye ana kituo cha kichungaji katikati ya jiji, ubavuni mwa kanisa la Familia Takatifu lililojengwa mwaka 1913. Hata hivyo, ukitaja jina lake baada ya Misa utasikia manung'uniko: mkali, barua ndefu, sentensi moja yapumua mara sita. Leo namtetea. Kaa kitako, mpenzi msomaji, tuhesabu.

9. Kipara chenye heshima

Wachoraji hawakubaliani juu ya mambo mengi, lakini kichwa cha Paulo walikubaliana zamani: kipara, ndevu zilizochongoka, uso mwembamba wa mtu anayefikiri. Mwaka 2009 Vatikani ilitangaza kwamba katika makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Thekla, mjini Roma, imeonekana sura yake ya mwishoni mwa karne ya nne, ikiwa picha yake ya ibada ya kale kuliko zote zilizojulikana hadi hapo. Na kitabu cha karne ya pili, *Matendo ya Paulo na Thekla*, kinamweleza bila kumpamba: mfupi, mwenye kipara, matege, nyusi zimekutana, na neema imemjaa usoni.

Wenye vipara wote wa Remera na Kicukiro, ingieni kanisani kifua mbele. Waumini wa kale wangeweza kumpa nywele za mawimbi na kimo cha askari, wasifanye hivyo. Walimpenda alivyo.

8. Farasi ambaye Luka hakumtaja

Ukimuuliza mtu yeyote Paulo aliongoka vipi, atakujibu: alianguka kutoka kwenye farasi. Fungua Matendo ya Mitume umtafute huyo farasi. Nakusubiri.

Hayumo. Luka anataja nuru, sauti na mtu aliyeanguka chini, basi. Farasi ni zawadi ya wachoraji. Yule wa Caravaggio, aliyechorwa mwaka 1600 hadi 1601 kwa ajili ya kanisa la Santa Maria del Popolo mjini Roma, amejaza karibu turubai zima, na Paulo yuko chini ya kwato, mikono wazi, macho yamefumba. Naipenda picha hiyo kwa sababu inamwonyesha mwenye nguvu akiwa hana hata pa kushika.

Mchoraji wa Kigali akitaka kumwangusha Paulo kutoka kwenye pikipiki ya abiria, sitamzuia. Tena huku kwetu angeanguka amevaa kofia ngumu.

7. Rembrandt alijivika jina lake

Mwaka 1661 Rembrandt, akiwa na miaka 55, alijichora mwenyewe kama Mtume Paulo: kitambaa kichwani, karatasi mkononi, mpini wa upanga ukichungulia chini ya vazi. Picha iko Rijksmuseum, Amsterdam. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amefilisika, na mali yake ikauzwa ili kulipa madeni. Angeweza kujichora kama mfalme, rangi si alikuwa nazo? Akamchagua mtu aliyejiita mdogo kuliko mitume wote.

Hiyo ndiyo ibada ninayoielewa. Humtazami mtakatifu kwa mbali tu, unaazima uso wake ili uutazame wako. Na ni nafuu kuliko kukodi studio ya picha.

6. Mtume mwenye sindano

Paulo alikuwa fundi wa mahema. Matendo 18 inasema alifika Korintho akakaa kwa Akila na Prisila kwa sababu walikuwa na kazi moja, wakashona pamoja. Mchana sindano, Sabato mahubiri.

Mlete soko la Kimironko, kwenye safu za mafundi wenye vyerehani na vitenge, na kabla ya saa sita atakuwa na wateja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, hakuna kiongozi wa mtaa atakayelazimika kumgongea mlango: huyu ndiye aliyewaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asitegemee chakula. Wachoraji wengi wanampa upanga na kitabu. Nangoja kwa hamu atakayempa cherehani.

5. Aligombana na Petro, na sababu ilikuwa meza

Petro na Paulo wana sikukuu moja, tarehe 29 Juni. Kuwaweka siku moja ni sawa na kuwakalisha mashabiki wa timu za mpira za APR na Rayon Sports kwenye benchi moja na kuwaambia wagawane karanga. Paulo mwenyewe anawasimulia Wagalatia kwamba kule Antiokia alimpinga Petro ana kwa ana, mbele ya watu.

Kisa? Petro alikuwa akila na Wakristo wasio Wayahudi, kisha watu fulani walipofika kutoka Yerusalemu akajitenga. Paulo akasema hapana. Injili haina meza mbili.

Hapa Rwanda jambo hili si la kusomwa kwa haraka. Tangu miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika kabila kwenye vitambulisho, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi hizo ziliamua nani aishi na nani afe. Mtu aliyekuwa tayari kumkemea mkubwa wa mitume kwa sababu ya meza iliyotengwa ana la kutuambia kila Jumapili. Na tazama ikoni za Kanisa la Mashariki: wagomvi hawa wawili wanachorwa wakikumbatiana, shavu kwa shavu.

4. Baba wa ushuhuda

Matendo ya Mitume inasimulia kuongoka kwa Paulo mara tatu, sura ya 9, ya 22 na ya 26. Mara mbili kati ya hizo anayesimulia ni Paulo mwenyewe, mbele ya umati uliotaka kumuua, kisha mbele ya Mfalme Agripa. Umewahi kukaa katika kusanyiko la walokole? Basi unaufahamu mtindo: nilikuwa hivi, Bwana akanikuta pale, sasa niko hapa. Paulo angepewa nafasi ya kwanza, na mwenyekiti angetazama saa.

Uhusiano huo wa Paulo na walokole una anwani. Septemba 1929 daktari Joe Church, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, kilima chenye kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Walisoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Kiini chake kilikuwa mtu kusimama na kutaja dhambi yake kwa jina, hadharani.

3. Mavazi miguuni pake

Utani unapungua kuanzia hapa, na najua utanielewa.

Biryogo, mtaa ambamo Kiswahili kimeishi miaka mingi, lipo kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Stefano. Stefano ndiye shahidi wa kwanza, aliyepigwa mawe nje ya Yerusalemu. Waliompiga waliweka mavazi yao miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Kijana huyo hakurusha jiwe. Alilinda nguo, akakubali moyoni kinachotendeka.

Sauli ndiye Paulo. Kwa hiyo katika jiji hili moja aliyeuawa ana kanisa lake na aliyelinda nguo za wauaji ana kituo chake, wote wakiitwa watakatifu. Kwingineko hilo linaweza kupita bila kuonwa. Kigali haiwezekani, maana hapa watu wanajua kwamba mauaji hayahitaji warusha mawe peke yao. Yanahitaji pia wanaosimama kando wakilinda nguo. Paulo hakulificha hilo: miaka mingi baadaye alilikiri kwa kinywa chake, akimtaja Stefano kwa jina.

2. Anania, ambaye hakuna anayempigia makofi

Baada ya nuru, Sauli alikaa Dameski siku tatu bila kuona, bila kula wala kunywa. Bwana akamtuma Anania, mfuasi wa Yesu mjini humo, aende mtaa uitwao Nyofu akamwekee mikono. Anania alijibu kwa haki kabisa: nimesikia mabaya aliyowatenda watu wako. Kisha akaenda. Neno lake la kwanza kwa mtu aliyekuja kumfunga yeye na wenzake lilikuwa "ndugu".

Wachoraji wanashindana kuchora mwanga wa barabarani. Mimi naona kazi ngumu zaidi ilifanyika chumbani. Rwanda inaijua kazi hiyo. Mahakama za gacaca, zilizoendeshwa na jamii na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari zipatazo milioni mbili, na baada ya hukumu wapo waliohukumiwa waliorudi kuishi katika vilima vilevile pamoja na walionusurika. Askofu Mkuu wa Kigali, Kardinali Antoine Kambanda, alipoteza wazazi na karibu ndugu zake wote katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na bado anahubiri upatanisho. Kuongoka kwa mtu mmoja huwadai wengine ujasiri ambao hawakuuomba. Wanaotusihi tusamehe upesi wasome tena malalamiko ya Anania: Mungu hakumkemea kwa kuyasema.

1. Mlango wenye jina lake

Kulingana na mapokeo, Paulo aliuawa Roma kwa upanga, ndiyo maana wachoraji wanamwekea mkononi silaha iliyomuua. Aprili 1994 mapanga yalipofika katikati ya Kigali, watu walikimbilia kituo cha Mtakatifu Paulo. Ndani alikuwamo padri kijana, Célestin Hakizimana. Walijazana zaidi ya watu 1,500.

Kwa wiki nyingi padri huyo aliwakabili wanamgambo wa Interahamwe, akijadiliana nao, akiwazuia, akitafuta maji na chakula. Hakuweza kuwaokoa wote: katikati ya Juni wanamgambo waliingia wakachukua makumi ya wanaume na vijana, wakawaua. Usiku wa tarehe 16 Juni askari wa RPF, jeshi la waasi lililokuwa likipigana na serikali ya wakati huo, walipenya mistari ya adui wakawatoa wakimbizi, na mamia ya watu wakaishi. Mwaka 2014 padri huyo aliteuliwa kuwa Askofu wa Gikongoro.

Nimeweka kisa hiki namba moja kwa sababu hakuna turubai linaloonyesha vizuri zaidi maana ya kumheshimu mtume. Anania alimfungulia mlango mtesaji aliyegeuka. Padri Célestin alisimama mlangoni mbele ya watesaji ambao hawajageuka. Imani inayodai kumpenda Paulo inahitaji milango yote miwili, na hekima ya kujua ni saa ya upi. Anayefungua tu atawaacha wanyonge mikononi mwa wenye mapanga. Anayefunga tu hatampata Paulo kamwe, maana Paulo mwenyewe aliingia akiwa mtu wa kuogopwa.

Basi tarehe 25 Januari, sikukuu ya kuongoka kwake na siku ya kufunga juma la kuombea umoja wa Wakristo, mwombe Paulo awe somo wako, uwe Mkatoliki, Mwanglikana au mlokole. Kisha liulize kanisa lako swali moja: siku watu watakapokimbilia hapa, nani atasimama mlangoni? Kama jibu halipo, anzeni kulitafuta sasa, na kazi hiyo msimwachie padri peke yake.