Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Siku naondoka hospitalini kwako, baada ya wiki tatu za kujitolea nyumbani Tanzania, niliwekewa kitabu cha wageni. Safu ya maoni ina upana wa vidole viwili, nami nikaandika kama walionitangulia: "Vizuri sana." Naomba nafasi nifafanue uzuri wenyewe.

Kwanza, radhi. Siku ya kwanza niliomba mpira wa kufungia mkono, nitafute mshipa wa mtoto. Muuguzi wa zamu alinitazama kwa huruma, akachukua glovu aliyonunua mama mtu, akaufunga mkono nayo, mshipa ukasimama. Dripu akaitundika kwenye msumari wa dirisha. Huko Uingereza ninakofanya kazi stendi za dripu zina magurudumu. Msumari wako hautembei, kwa hiyo haupotei. Nimejifunza.

Pili, pongezi kwa bango la getini: huduma kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi ni bure. Kweli tupu. Nimemshuhudia mjamzito akihudumiwa bure kabisa kwa glovu zake, pamba yake, wembe wake na kibana kitovu chake. Umeme ulipokatika, nilimshona kwa tochi ya simu ya mama mkwe wake. Hiyo nayo ilikuwa bure.

Tatu, ile mashine ya kutunzia watoto njiti. Ilitoka Marekani, ikapokelewa kwa hotuba, na picha ya mapokezi nimeiona ofisini kwako ndani ya fremu. Mashine yenyewe iko kona ya wodi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, tumboni imejaa mafaili. Inataka volti 120, soketi zetu zina 230. Nikauliza habari za transfoma, nikajibiwa imo kwenye bajeti ijayo.

Usiku huo njiti mmoja, mama yake akiwa bado hajazinduka baada ya upasuaji, alilelewa kifuani mwa bibi yake, ndani ya kanga. Huduma hiyo ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, ni nzuri mno. Tatizo ni kwamba bibi naye ni binadamu, huenda msalani.

Sikulaumu. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi bado ziko njiani. Transfoma ni nani hata iwatangulie wakubwa?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni nimepona ugonjwa wa kuuliza maswali. Kimebaki kiherehere tu: nimenunua transfoma mjini, nimeiacha mapokezi imefungwa kwa gazeti. Haihitaji hotuba. Muuguzi wa zamu anajua pa kuichomeka. Wewe yatafutie mafaili makazi mapya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Daktari Mgeni