Pua Yangu na Kalamu Nyekundu

Kalamu nyekundu ilipita juu ya mwandiko wangu mara mbili, mara ya pili kwa kukomesha. "Mzee wangu," akasema jaji mkuu wa mashindano ya bia kwa sauti iliyofika meza ya jirani, "hapa hatuandiki mambo ya busaa." Meza nzima ikacheka. Aliyecheka zaidi ni yule niliyempa lifti asubuhi.

Nilichoandika ni kile nilichonusa. Nilipoinua glasi ile ya bia aina ya eli ya kahawia, pua ilinipeleka moja kwa moja Kakamega, nyuma ya jiko la shangazi, pale unga wa mahindi uliochachuka unapokaangwa juu ya bati ili kutengenezea busaa, pombe yetu ya kienyeji.

Na sayansi iko upande wangu. Ukahawia wa eli kwa kawaida hautokani na rangi ya dukani. Shayiri hulowekwa hadi ianze kuota, hukaushwa ikawa kimea, kisha sehemu yake hupelekwa kwenye moto mkali zaidi. Hapo sukari na asidi amino hushikana katika mmenyuko alioueleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ule ule unaoipa nyama choma ladha na mkate ganda lake. Mwingereza Daniel Wheeler alikwisha kupata hataza mwaka 1817 ya pipa la kuzunguka la kukaangia kimea, na tangu hapo konzi chache za kimea cheusi zikatosha kubadilisha rangi ya bia nyingi. Sasa shangazi anapogeuza unga wake kwa mwiko, akautia maji na kimea cha wimbi ili wanga ugeuke sukari, amepungukiwa na nini? Hataza tu.

Fomu ya majaji ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, namna bia inavyokaa mdomoni 5, na 10 za jumla. Kwenye zile 12 unaruhusiwa kunusa tofi, biskuti, hata hazelnati, kokwa ambayo wengi wetu tumeijulia kwenye chokoleti ya kuletewa. Jirani yangu aliandika "ganda la mkate wa Ujerumani". Hajawahi kuvuka mpaka wa Namanga. Akapongezwa.

Hapo ndipo kicheko kinanikauka. Kwa harufu hiyo hiyo shangazi alikimbizwa na askari, mitungi ikapinduliwa, ada ya shule ya binamu zangu ikamezwa na udongo. Leo harufu ile imetiwa kwenye glasi yenye shina, inauzwa kwa bei ya kuku mzima, na aliyeitambua ndiye anayechekwa.

Raundi ya pili niliandika siagi. Jaji mkuu akatangaza kwamba hiyo ni diasetili, dosari, kana kwamba pua iliyoiona ni yake.

Raundi ya tatu nilimwagiwa bia kwenye suruali.

Waandalizi wameshanialika tena mwakani, ila kwenye meza ya sida, kile kileo cha matunda, ambako naambiwa kila mtu huandika tofaa.