Kaka Aoa Kaua

Ukitaka kujua thamani ya nukta moja, omba uhamisho uje Hanang ufundishe kitengo cha wasioona chenye mashine moja ya breli. Yetu ina vitufe sita, kwa zile nukta sita ambazo Mfaransa Louis Braille alizitangaza mwaka 1829. Cha nukta ya nne kinabonyea vizuri tu, ila kwenye karatasi hakiachi kitu, mithili ya mtumishi aliyesaini daftari la mahudhurio kisha akaenda zake mnadani.

Sasa ona balaa lake. Herufi m ni nukta ya 1, 3 na 4. Ondoa ya nne, inabaki k. Herufi n nayo inageuka o. Basi nikamwagiza mwanafunzi wangu aandike "Mama ana maua", sentensi ambayo haijawahi kumdhuru mtu. Akaandika, akapitisha vidole, akasita.

"Mwalimu, hapa pameandikwa Kaka aoa kaua."

Nikatazama. Kweli: harusi na mauaji katika mstari mmoja, na mama hayupo. Dada naye huwa "eaea". Baba hana nukta ya nne popote, kwa hiyo kwetu baba anabaki baba.

Mtoto akaenda na karatasi nyumbani, akawasomea. Kumbe kaka mtu alikuwa kwenye maandalizi ya ndoa, ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa. Asubuhi tukamkuta mlangoni kajifunga lubega, fimbo mkononi, anataka kujua nani kamwandika. Nikamfafanulia habari ya nukta, moja baada ya nyingine, mpaka jasho likanitoka katika baridi ile. Akasikiliza kwa adabu zote.

"Nimeelewa, mwalimu. Na baba mbona hamkumgusa?"

Mkuu wa shule akasema niandike barua. Nikaandika, ikapanda ngazi, na huko juu wakajibu kwa kutuletea fomu ya kujaza idadi ya vifaa vizima. Ruzuku ya uendeshaji ni ndogo, na chaki huwa ya kwanza kwenye foleni. Walimu wenzangu, wenye madarasa yaliyofurika, wananionea wivu: "Wewe una watoto wachache, unastarehe."

Fundi wa mashine hizi nimemuulizia hadi Mbulu na Haydom, bila mafanikio. Mwishowe nikaibeba hadi mnada wa Katesh, kwa fundi cherehani.

"Inashona nini hii?"

"Herufi."

Akaizungusha. "Na uzi unapita wapi?"

Hata hivyo akaifungua, akatia mafuta, akagonga mara mbili tatu. Nukta ya nne ikafufuka papo hapo. Ya sita ikafa. Bila ya sita, u inakuwa k. Nikarudi darasani kifua mbele, nikamwagiza yule yule aandike "kuku".

Akapitisha vidole mara mbili.

"Mwalimu, ni kkkk. Huyu kuku anakabwa?"