Masomo 6 ya Mwanagenzi wa Mbao Mji Mkongwe

Wageni wanauita mji wa mawe, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia. Sawa. Lakini muulize seremala wa Mji Mkongwe, Zanzibar: nani kabeba sakafu? Nani kashika roshani? Nani anakupokea mlangoni? Mbao! Kama unataka ufundi wa kuzitunza, masomo ni haya, tukihesabu kurudi chini.

6. Kunoa. Kabla hujagusa nakshi, utanoa patasi mpaka ikate bila kulazimishwa. Patasi butu haichongi, inatafuna.

5. Kusikiliza. Gonga boriti. Iliyo nzima inaitika, iliyoliwa inaguna. Mchwa hapigi hodi, basi piga wewe.

4. Kumheshimu mkoko. Boriti nyingi ni miti ya mikoko, na hubeba vizuri kwa upana wa kama mita 3 tu. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Msanifu wa kwanza wa mji huu aliota kwenye matope ya pwani.

3. Kuikataa saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: unyevu ukiingia, hutoka. Upige plasta ya saruji, unyevu utanasa humo, na ncha za boriti zilizozama ukutani zitaoza kimyakimya. Ni sawa na kumvika mzee koti la mvua wakati wa kiangazi, kisha ukamuuliza mbona anatoka jasho.

2. Kukata kidogo. Mlango wa nakshi huanza kuoza chini, pale miimo inapokunywa maji ya mvua. Ondoa palipooza tu, unga kipande cha mti wa aina ileile, nyuzi zifuate nyuzi. Kutupa mwimo mzima ni kung'oa jino kwa sababu ya ukoga. Na nakshi ya mkono wa marehemu haiuzwi dukani.

1. Kupanda paani. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Hapa utani tunauweka chini: jengo kongwe linataka jicho la mtu kila msimu. Kabla ya masika, panda, zoa majani, zibua mifereji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wa mbao anaongezea: usipozibua mfereji, utanunua boriti.