Pizza ya dola mbili kasoro senti

Mjomba,

Naona picha ile ya pizza niliyotuma kwenye kundi la familia imewashughulisha barazani kuliko habari ya mimi kupata kazi. Umeuliza mawili: je, ni tamu? Na inakuwaje Marekani, ambako kunyolewa kichwa tu kunakula nauli ya Tanga hadi Dar, kwenda na kurudi, kipande cha pizza kiuzwe elfu tano na ushee? Nitayajibu yote mawili, ila kila moja kivyake. Wenyeji wa hapa Columbus huyachanganya mchana kweupe. Mwulize yeyote kama pizza ya duka la Costco ni tamu, atakujibu, "Kwa bei ile?" Sasa hilo ni jibu au ni hoja ya wakili?

Tuanze na hesabu, maana najua Mzee wa duka la baiskeli yuko hapo pembeni anasubiri. Kipande ni dola 1.99. Pizza nzima ni dola 9.95, nayo inatoa vipande sita vya namna hiyo. Zidisha, toa, utaona kwamba ukinunua nzima umelipia vitano na cha sita umepewa bure, hakuna senti iliyozidi wala kupungua. Upana wake ni inchi 18. Msidhani hiyo ni pizza ya inchi 12 iliyoongezwa nusu yake. Mwulizeni fundi seremala yeyote anayechonga meza za duara: eneo lake ni mara mbili na robo. Boksi lake halibebwi kwapani, linabebwa kwa mikono miwili kama sinia la pilau ya harusi, na watu wanakupisha.

Lakini kabla ya kuionja kuna mlango, na mlango una kadi, na kadi ni dola 65 kwa mwaka. Zilikuwa 60 mpaka mwaka 2024. Hapo ndipo penye siri ya biashara yenyewe: sehemu kubwa ya faida yao inatoka kwenye ada hiyo, kwa hiyo bidhaa za ndani wanaweza kuziuza kwa faida nyembamba. Mimi nimepiga hesabu yangu. Kama kipande cha mtaani ni dola nne, basi nile vipande 33 hapa ndipo kadi irudishe pesa yake, petroli sijaitia. Tena hakuna anayeingia kwa ajili ya pizza akatoka na pizza. Unatoka na toroli: mafuta ya kupikia ya kumaliza msimu wa mvua, soksi za ukoo mzima, na hema, ingawa huna safari ya porini. Mlangoni mfanyakazi anaipitia risiti yako na kuichora mstari kwa kalamu, nawe unajiuliza umeingiaje humo.

Jirani ya pizza inauzwa soseji ndani ya mkate, pamoja na soda, kwa dola 1.50. Bei hiyo ni ya tangu mwaka 1985, Mjomba, mwaka Mwalimu alipomkabidhi nchi Mzee Mwinyi. Hebu kumbuka dola ilikuwa shilingi ngapi wakati huo, halafu unywe maji. Craig Jelinek, aliyeiongoza kampuni hiyo, alisimulia mwenyewe kwamba alipomlalamikia mwasisi wake, Jim Sinegal, kuwa soseji inawatia hasara, aliambiwa akithubutu kuipandisha bei atauawa. Bei haikupanda, na Jelinek mpaka amestaafu yu hai.

Haya, utamu. Kipande mimi nakipindua kwanza nione tumbo lake. Likiwa limeiva rangi ya kahawia, nakaa. Likiwa jeupe, nakaa vilevile, maana nimeshalipa, ila nakula kwa manung'uniko. Sosi ya nyanya inapakwa na mashine: unga unazunguka, bomba linachora duara juu ya duara, na watoto wanasimama kutazama kama wanavyotazama katuni. Jibini wanaweka bila huruma. Dakika kumi za kwanza, Mjomba, nasema kweli, ni tamu. Ukingo unavunjika, jibini inavutika, chumvi iko mahali pake. Baada ya hapo jibini inaganda na kazi yote inaachiwa magego. Kilichobaki kinafaa asubuhi na chai ya rangi, kikipashwa kwenye kikaango kikavu. Ubaoni wameandika kwamba kipande kimoja kina kalori 700 hivi. Wasingependa, lakini tangu 2018 sheria inawalazimisha wenye matawi mengi. Shangazi asisomewe hapa.

Ya peperoni siigusi, ina nguruwe. Nachukua ya jibini tu. Pilipili wanayotoa ni ya kupamba meza. Kuna mama mmoja wa Kikongo tunayekutana naye pale Jumamosi, anakuja na yake kwenye kichupa kilichokuwa cha chakula cha mtoto, na tangu tufahamiane nachagua meza ya karibu naye.

Najua utanitajia Forodhani. Ile pizza ya Zanzibar inayouzwa pale inakandwa mbele yako, nyama na yai vinafunikwa ndani, na muuzaji anakuuliza unataka kali kiasi gani. Kwa mdomo, Forodhani inashinda na hakuna rufaa. Lakini Forodhani hailishi watoto watatu na mimi kwa dola kumi, Jumamosi jioni, nikiwa nimetoka zamu na miguu imevimba. Kwa kazi hiyo sijaona mshindani, na mtu wa New York akianza kunihutubia kuhusu unga mwembamba namwachia ukingo wangu atafune.

Binamu ameandika kwamba mkipata viza mnakuja wote kuionja. Karibuni sana, ila kadi yangu inaruhusu wageni wawili tu kwa mara moja. Pangeni zamu hukohuko barazani, na wa kwanza aje na pilipili.